Laxton: kijiji cha Uingereza ambacho bado kinalima vipande vilivyotawanyika

Swali: Naishi Nottingham, kwetu ni Nyeri. Mwishoni mwa Novemba rafiki yangu Mwingereza alinipeleka kijiji kinachoitwa Laxton. Nikaona watu wazima na gambuti zao wakipigilia vigingi kwenye matope ya shamba, kisha wote wakaingia baa kula. Nikaambiwa hao ni wazee wa mahakama ya kijiji. Shamba lenyewe halina ua, na kila mkulima ana vipande huku na huko. Babu yangu naye alikuwa na vipande vyake namna hiyo, mpaka miaka ya hamsini serikali ya Mwingereza ikavikusanya ikampa kimoja, ikimwambia kulima vile ni kupoteza nguvu. Je, nilichokiona ni kilimo kweli au ni maigizo ya watalii? Na kama ni kweli, mbona walichotuondolea sisi wamekiacha kwao?

Jibu: Dada yangu, ulichokiona ni kilimo kweli. Ngano inayopandwa pale huvunwa na kuuzwa, na mkulima anayelima hadi akala njia hutozwa faini. Swali lako la pili ndilo zito. Laxton haikubaki vile kwa sababu Waingereza waliupenda mfumo wao wa kale. Ilibaki kwa sababu mabwana wawili walishindwa kuelewana, halafu bei ya ngano ikaanguka, halafu serikali ikainunua. Nitafika huko, ila kwanza turudi kwenye yale matope.

Laxton ina mashamba makubwa matatu: West Field, Mill Field na South Field. Usiyafikirie kama mashamba ya watu watatu. Kila moja ni konde pana lisilo na ua ndani yake, limegawanywa vipande virefu vyembamba, na mkulima wa kijiji huwa na vipande vyake katika yote matatu. Shamba moja likipandwa ngano ya majira ya baridi, la pili hupandwa zao jingine baridi ikishapita, na la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu husogea. Siku hizi lile la kupumzika huruhusiwa kuoteshwa majani ya mifugo, lakini zamu yenyewe haivunjwi. Hupandi unachotaka pale unapotaka. Zamani sababu ilikuwa wazi: mavuno yakishatoka, ng'ombe na kondoo wa kijiji kizima waliachiwa wale mabua, wakiacha samadi yao kwenye vipande vya kila mtu. Anayechelewa kuvuna angelishiwa zao lake, na anayewahi angelisha zao la jirani. Kwa hiyo kalenda ilibidi iwe moja.

Mbona basi kila mmoja asipewe upande wake? Udongo wa Laxton ni mfinyanzi mzito. Mvua ikizidi, bondeni panatuama maji na mlimani panalimika. Jua likizidi, mambo hugeuka. Mwenye vipande kumi sehemu kumi hapati mavuno bora kuliko wote, lakini pia halali njaa peke yake. Babu yako aliyekuwa na kipande juu kwenye ukingo na kingine chini karibu na mto angemwelewa mkulima wa Laxton bila mkalimani.

Urefu wa vile vipande nao una sababu, na hapa nitatoka nje ya mada kidogo. Plau nzito ya kale ilivutwa na maksai, hata wanane, na kazi kubwa si kulima bali ni kuwageuza. Basi ukishaanza mfuo unaufuata moja kwa moja mpaka wanyama wahitaji kupumua, yapata mita 200. Waingereza wakaufanya huo kuwa kipimo, wakauita furlong, yaani urefu wa mfuo. Ukichukua urefu huo kwa upana wa mita 20 hivi, unapata eneo ambalo kundi moja la maksai lilihesabiwa kulilima kwa siku. Hilo ndilo waliloliita acre, nasi tukaliita eka. Kwa hiyo mtu wa Nyeri anayetangaza robo eka ya kuuza, ajue asijue, anapima ardhi kwa pumzi za ng'ombe wa Kiingereza wa zama za kati.

Sasa wale wazee wako. Ni watu 12 pamoja na msemaji wao, walioapishwa na mahakama mwaka uliotangulia. Kazi yao ya siku ile ni kukagua shamba lililoingia zamu ya ngano, hilo moja tu. Mengine mawili yatafikiwa zamu yake. Katikati ya vipande hamna ua wala jiwe la mpaka. Trekta likipita mara moja, mpaka unapotea. Ndiyo maana wanapima na kupigilia vigingi vipya, wakiandika nani kalima hadi kwenye njia, nani kamega ile nyasi wanayoiita sykes. Hizo sykes ni vijisehemu vya bondeni au penye maji ambapo plau haikuweza kugeuka, vikaachwa majani tangu zamani. Kila kiangazi haki ya kukata majani yake hunadiwa, na ukizimega kwa jembe umewamegea wenzako wote.

Baada ya ukaguzi wakala chakula pale Dovecote Inn, ndiyo baa uliyoiona. Wiki moja baadaye hukutana hapohapo, safari hii kama mahakama yenyewe. Anayeongoza ni msimamizi anayemwakilisha bwana wa ardhi. Majina husomwa, makosa hutajwa, faini hutozwa, na wazee wapya huapishwa kwa mwaka unaofuata. Faini zenyewe ni ndogo. Lakini fikiria kutajwa mbele ya majirani zako wote, tena kwenye baa utakayorudi kunywa Ijumaa. Nadhani hapo ndipo adhabu ilipo.

Usidhani pia kwamba ni desturi tu wanayoiendeleza kwa kujifurahisha. Mahakama za aina hii zilikuwa kila mahali Uingereza. Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria ya kuziondolea mamlaka ya kuamua kesi, nyingine zikabaki kwa sherehe na chakula cha jioni. Sheria hiyo iliitaja Laxton kwa jina na kuiacha nje. Kwa hiyo uliona chombo cha kisheria kazini, na matope yake.

Kuhusu umri wa kijiji chenyewe: Laxton imo katika kitabu cha mali cha mwaka 1086, pale William aliyeiteka Uingereza alipotuma makarani wahesabu nani ana nini nchi nzima. Jina ni la kale zaidi ya hapo. Sehemu ile ya mwisho, -ton, ni ya Kiingereza cha kale na maana yake ni kama boma au makazi ya mtu fulani. Ukitembea na ramani ya Nottinghamshire utaona pia majina ya -by na -thorpe, kama Thoresby palepale jirani. Hayo waliyaacha Wadenmaki waliotawala upande huo wa nchi kuanzia karne ya 9. Majina ya vijiji vya Uingereza ni kama makaburi ya lugha: nani alikaa wapi, ameandikwa kwenye kibao cha barabara.

Ukienda tena, pita nyuma ya kijiji upande wa kaskazini. Utaona vilima vya udongo vilivyoota majani, vikubwa kupita kiasi kwa kijiji kidogo namna ile. Ni mabaki ya ngome ya karne ya 12. Jiwe halijabaki, lakini udongo umesimama vizuri. Wenye ngome ile walikuwa walinzi wa Sherwood, msitu wa mfalme, cheo cha kurithiwa. Kwa hiyo Laxton iliwahi kuwa mahali pa wakubwa, mahali ambapo mwananchi aliyewinda swala wa mfalme asingependa kufikishwa. Wakubwa wakaondoka, wakulima wakabaki.

Kitu cha thamani kuliko ngome, kwangu mimi, ni ramani. Mwaka 1635 mfanyabiashara tajiri wa London, Sir William Courten, aliyekuwa ameinunua Laxton, alimwajiri mpima ardhi aitwaye Mark Pierce. Pierce akapima kijiji chote, kipande kwa kipande, akaandika kila kipande ni cha nani. Halafu, sijui kwa kupenda kazi au kwa kumpendeza tajiri, akachora na watu wadogo wadogo humo ndani: wanaolima, wanaovuna, wanaowinda. Ramani hiyo iko Oxford, maktaba ya Bodleian. Courten huyuhuyu ndiye aliyegharimia walowezi wa kwanza wa Kiingereza kisiwani Barbados mwaka 1627. Hivyo pesa iliyomlipa Pierce kuchora wavunaji wa Nottinghamshire ilikuwa pesa ya bahari, na tajiri mwenyewe hakudumu. Madeni yalimlemea na Laxton ikaingia kwa ukoo wa Pierrepont, ambao wakuu wake baadaye waliitwa Earl Manvers, Earl kikiwa cheo cha kurithiwa cha mabwana wa Kiingereza.

Ushike ukoo huo, maana ndio uliogombana.

Zamani sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza ililimwa kama Laxton. Sisemi Uingereza yote: ukienda Devon au Kent utakuta nyumba zilizotawanyika na mashamba yenye ua tangu kale, na mtu akikwambia kuna kijiji kimoja cha mfano wa Kiingereza, mwulize cha mkoa gani. Lakini katikati ya nchi mashamba ya wazi yalikuwa kawaida. Kisha wenye ardhi kubwa wakaanza kuyafunga. Kwanza kwa ajili ya kondoo, baadaye kwa sheria za Bunge, kijiji kimoja sheria moja. Kati ya 1604 na 1914 zilipitishwa sheria za namna hiyo zaidi ya 5,200, zikigusa eka milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya Uingereza yote. Makamishna walikuja, wakafuta vipande, wakampa kila mwenye haki shamba moja na kumwamuru alizungushie ua. Wale wenye hati walipata ardhi. Mwenye ng'ombe mmoja aliyemlisha kwenye ardhi ya wote kwa mazoea, bila karatasi, mara nyingi alipata kidogo au hakupata kitu. Gharama za ua na wapima ziliwashinda wengi wadogo, wakauza.

Na hapa ndipo lilipo jibu la jambo ambalo hukuliuliza lakini uliliona. Laxton nyumba za wakulima zimejipanga kando ya barabara kuu ya kijiji, nyingi zimeupa mtaa ubavu, na nyuma ya kila nyumba kuna kiwanja kirefu. Vijiji vingine vilivyofungwa, mkulima alihama mtaani akajenga katikati ya shamba lake jipya, na kijijini wakabaki vibarua, fundi, kasisi na mwenye baa. Laxton hapakuwa na haja ya kuhama, kwa sababu shamba la mtu lilikuwa pande zote. Kukaa katikati ndiko kulikuwa karibu na kote.

Vibarua hao wa vijiji vilivyofungwa historia haikuwaonea huruma. Ukiwa na nafasi nenda Southwell, si mbali na hapo ulipo. Kuna jumba kubwa la matofali lililojengwa mwaka 1824 la kuwaweka maskini: wanaume mbali, wanawake mbali, watoto mbali. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilifuata mfano wake nchi nzima. Jumba liko wazi kwa wageni. Mimi nilitoka nje mapema kuliko nilivyopanga.

Sasa kwa nini Laxton iliponyoka? Ili kufunga mashamba, wenye ardhi wakubwa walipaswa kukubaliana. Laxton walikuwa wawili, Earl Manvers na Earl wa Scarbrough, na ardhi zao zilichanganyikana kipande kwa kipande. Hawakuafikiana juu ya nani ampe nani nini. Miaka ikaenda. Ilipofika miaka ya 1870 ngano ya bei nafuu kutoka Marekani ilianza kuingia kwa meli, bei ikaporomoka, na hapakuwa na mwenye akili wa kumwaga pesa kwenye ua mpya wakati shamba halilipi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Earl Manvers alipunguza tu idadi ya vipande kwa kuviunganisha vikawa vipana zaidi. Kwa hiyo usije ukadhani uliona ramani ya 1635 ikitembea. Pierce angeitambua Laxton ya leo, lakini angeuliza vipande vingine vimekwenda wapi.

Kisha ukaja mwaka 1952. Earl Manvers aliuza, na aliyenunua ni Wizara ya Kilimo, kwa nia ya kuulinda mfumo. Waziri wa Kilimo wa Uingereza akawa ndiye bwana wa Laxton, na mahakama ya baa ikaendelea kukaa kwa jina lake. Mwaka 1981 ardhi ilikwenda kwa shirika linalosimamia mali za Taji, yaani za ufalme wa Uingereza, na mwaka 2020 ikarudi kwenye milki ya Thoresby, yaani kwa warithi wa wale wale Pierrepont.

Uutazame vizuri mwaka huo 1952, dada, kwa sababu ndio mwaka hali ya hatari ilipotangazwa kwetu Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Miaka miwili baadaye, 1954, ukatoka mpango wa ofisa kilimo Roger Swynnerton: vipande vya wakulima wa Mkoa wa Kati vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja, apimiwe, apewe hati. Hoja zilikuwa ni zile zile walizotumia mabwana wa Uingereza miaka 150 kabla: muda unapotea njiani kati ya kipande na kipande, huwezi kuweka ua, huwezi kufuga ng'ombe wa maana, huwezi kukopa. Kwa hiyo serikali iliyokuwa imelipa pesa kuulinda mfumo wa vipande Nottinghamshire ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiufuta Nyeri. Naamini hawakuona mgongano wowote. Laxton kwao ilikuwa kumbukumbu, na kumbukumbu moja inatosha. Nyeri ilikuwa kazi ya kufanywa.

Na ilifanywa wakati mbaya. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji vya kulindwa, maelfu wengine kizuizini. Mtu aliye kizuizini haendi kwenye baraza la kupima ardhi kusema kipande kile pale penye mkuyu ni changu. Waliokuwa upande wa serikali walikuwepo, wakasikika. Uingereza mwenye ng'ombe mmoja alikosa karatasi. Kwetu wengi walikosa hata kuwepo. Hilo ndilo ningelitaja kwanza kama nikilinganisha historia hizi mbili, kabla ya habari za mavuno.

Sitasema lakini kwamba babu yako alidanganywa tu. Huenda kwenye shamba lile moja ndipo alipoweza kupanda kahawa, zao ambalo Mwafrika alikuwa akizuiwa kulipanda kwa miaka mingi, na hati ile huenda ndiyo iliyosomesha watoto. Kinachonikera ni lile neno walilomwambia, kupoteza nguvu. Mkulima anayetawanya vipande anagawa hatari. Anajua anachokifanya, na wakulima wa Laxton walikijua kabla Nairobi haijapewa jina.

Ungeniuliza tabia ya kijiji kile leo, ningesema si kizuri kwa macho ya mtalii. Watu wanaotafuta kijiji cha picha huenda Cotswolds, kwenye nyumba za mawe ya rangi ya asali. Laxton ni matofali mekundu, vigae, mabanda ya zana, harufu ya samadi katikati ya mtaa. Wakulima wamebaki wachache, na baadhi ya nyumba za zamani sasa zina watu wanaofanya kazi mjini na kurudi jioni. Ugumu wa mfumo uko hapo zaidi ya kwenye sheria: wazee 12 wanatakiwa kila mwaka, na wajue kusoma mpaka kwenye tope. Mashine za sasa ni pana, hazipendi vipande vyembamba. Mkulima kijana anayekubali kupanda kile ambacho zamu inasema, badala ya kile ambacho soko linasema, lazima awe na sababu yake.

Ukirudi, nenda mwishoni mwa Juni, ngano ikiwa bado imesimama. Karibu na baa kuna kituo kidogo cha maelezo. Anzia hapo, kisha fuata njia ya umma inayoingia shamba lililo kwenye zamu ya ngano. Simama penye syke yoyote uangalie pande zote mbili. Utaona rangi ya zao inabadilika kidogo kutoka kipande hadi kipande, huyu aliwahi kupanda, yule alichelewa, na hamna hata uzi uliowatenganisha. Piga picha umpelekee mtu mzima aliyebaki nyumbani anayevikumbuka vipande vya babu. Mwulize vilikuwa vingapi, na kila kimoja kilikuwa wapi. Andika anachokwambia, pamoja na majina ya miti. Mark Pierce alilipwa kufanya hivyo. Nyeri kazi hiyo imebaki kwa wajukuu.